Kifuniko cha Kalamu na Faili la XML

Mtaalamu wa mifumo ofisini kwetu Dodoma husoma faili la XML akifuatisha kifuniko cha kalamu kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Faili hilo huuelekeza mfumo takwimu zichukuliwe wapi na zipelekwe wapi. Jana, bila takwimu za zahanati moja ya Mlali kufika bohari ya dawa, dawa zake za malaria zisingepakiwa.

“Dada, bonyeza tu, gari linaondoka!” mkuu wa ofisi alimsihi.

“Bado nasoma, mzee.”

Kifuniko kikasimama. Anwani ya kupelekea ilikuwa ya majaribio, aliyoiacha yeye mwenyewe juzi. Akaibadilisha, akabonyeza. Bohari wakajibu: zimefika.

“Samahani sana,” dada akasema kwa upole, macho yakiwa bado kwenye kioo.

“Usijali, dada,” mkuu akajibu, asijue kwamba aliyeombwa radhi ni faili.