Mlinzi wa Ndege

Nilikaribia kukosa mume kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe wala si tusi.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko. Kijana niliyempenda alikuwa amerudi kwao Korogwe ya zamani, mjukuu wa manamba, kibarua aliyeletwa na kazi ya mkonge. Tulijuana gulioni Mkata. Nilikuwa nauza mihogo, naye akawa ananunua mihogo mingi kuliko tumbo la mtu mmoja. Nilielewa.

Akamtuma mjomba wake awe mshenga. Baba akamkaribisha vizuri, kisha akauliza kijana alikuwa wapi wakati wa vita.

"Nairobi, mzee," mshenga akajibu kwa majivuno. "Vita vyote alikuwa analinda ndege."

Kwetu kulinda ndege ni kazi moja tu. Unapanda dungu shambani, unapiga debe na kupayuka, ili kweleakwelea wasimalize mtama. Ni kazi ya watoto na akina mama. Kile chombo cha kuruka baba alikiita eropleni, na kwake ndege alikuwa yule mwenye manyoya. Akainama kwa adabu, akauliza, "Kwani Mwingereza naye analima mtama?"

"Ndege wa Mwingereza hawali mtama, mzee. Wanakunywa mafuta."

Baba akaona anafanyiwa mzaha nyumbani kwake. Akasema kijana aje mwenyewe, amwone kwa macho mwanamume aliyekwenda vitani kufukuza ndege. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia yote. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia mshenga, na Waingereza nao sikuwaacha. Mchumba mwingine sikumtaka, na baba akishasema hapana, ni hapana.

Kijana akaja, shati limenyooshwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, nieleze hilo jeshi lenu."

Akaeleza kwanza kwamba ndege ni eropleni, baba akashusha pumzi. Kisha akaendelea, maana kazi ile aliipenda. "Mwanzoni, mzee, zilikuwa watumishi tu. Nyingine za jeshi la nchi kavu, nyingine za jeshi la majini, kazi yake kuchungulia adui yuko wapi. Vita vile vya kwanza, vya Mjerumani, vilipokaribia kwisha, Waingereza wakazitoa kote kuwili, wakazifanya jeshi la tatu lenye mkubwa wake."

"Kama kitindamimba aliyepewa mji wake," baba akasema.

"Hasa, mzee. Sasa, ndege chache zikikaa pamoja ni flaiti. Flaiti mbili tatu ni skwodroni. Skwodroni zikikusanywa zinakuwa Bawa."

"Bawa?"

"Bawa, mzee. Na Mabawa yakikusanywa ni Kundi."

Baba akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Na manyoya mmeyaweka wapi?" Kijana naye akacheka, na hapo nilimpenda zaidi. Lakini baba hakuwa mtu wa kulewa maneno. Alipomaliza kucheka akasema, "Mtama wangu unaliwa, na wewe ni mlinzi wa ndege. Kesho ingia shambani, nione hilo Bawa linavyofanya kazi. Ukishindwa, rudi kwenu salama."



Siku zote kila nyumba ililinda shamba lake. Ukiwafukuza ndege kwako wanatua kwa jirani, jirani anawarudisha kwako, na jioni mnanuniana. Kijana akazunguka kwa majirani wote wa bondeni, akaomba kwa heshima. Mashamba matatu matatu akayafanya flaiti, na mkubwa wa kila flaiti akawa mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Wa juu ya dungu hakupiga kelele tena. Kazi yake ikawa kutazama tu, na kupunga kanga upande kundi linakotokea. Wengine walikaa kivulini mpaka waone kanga. Bonde lote likawa skwodroni moja, na shangazi yangu akapewa ukubwa wake. Cheo kilimkaa. Alidai apigiwe saluti hata na mumewe.

Kweleakwelea walikuja kama kawaida yao, wingu zima. Kanga zikapungwa, madebe yakalia flaiti baada ya flaiti. Kila walipotaka kutua walikuta watu wenye nguvu mpya, hadi wakavuka korongo wakaishia porini. Wakarudi, wakafukuzwa tena. Mavuno yakafika mtama ukiwa umesimama, na majirani wakaanza kuuliza kama yule kijana wa Korogwe atakuwepo msimu ujao.

Mshenga akaitwa upya. Mimi na akina shangazi tulikuwa jikoni, masikio ukutani. Baba alikohoa, akakohoa tena.

"Binti nimempa," akasema. "Ila asimpeleke mbali. Ng'ambo ya korongo nina shamba halina mtu. Wajenge pale, uwe mji wao."

Kwetu mwali hutakiwa kuinama na kulia kidogo, hata kama moyo unacheza ngoma. Vigelegele ni vya akina shangazi. Lakini kabla hawajafungua midomo, kigelegele kikali kilisikika nyumba nzima, kikaenda mpaka barabarani, na kilikuwa changu. Mama akaniziba mdomo kwa kanga, amechelewa. Kutoka ukumbini nikamsikia baba akimwambia mshenga, "Mwambie kijana aje amchukue haraka. Huyu ameshapaa."