Semina ya Mariakani

Niliisikia zipu kabla sijaona kitu. Ilikuwa jana alasiri, nimejilaza chumbani kwangu, macho nimeyafumba, nayo ikaanza kuvutwa upande wa pili wa ukuta: jino moja, kimya, jino jingine, kimya tena, kama mtu anayemenya njugu katikati ya ibada. Mwanangu Neema, ukuta wa nyumba hii ni wa mbao nyembamba, na mimi ndiye niliyesimama na fundi siku alipoupigilia misumari. Zipu ya mtu anayetafuta nguo huvutwa mara moja. Inayovutwa namna ile ni ya begi la safari ambayo mavyaa kama mimi hatakiwi kuijua.

Kisha nikamsikia mumeo, Charo, mtoto niliyemzaa mwenyewe, akinong'ona: "Tumwambie tunakwenda semina."

Nikauma pindo la kanga nisicheke.

Njoo uketi hapa mlangoni penye upepo. Usitetemeke, sikukuita kukugombeza. Baba mkwe wako yule pale amejifunika gazeti usoni anajifanya amelala. Nikikosea mahali, utaliona gazeti linatikisika.

Naukumbuka mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii. Mtaa wetu huu wa Mjambere wakati ule ulikuwa na mikorosho mingi kuliko mabati, na nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Chumba kimoja alilala mavyaa wangu, mama yake mume wangu, pamoja na mawifi zangu. Cha pili kiligawanywa kwa pazia: upande wa mlango walilala shemeji zangu watatu, upande wa dirisha mimi na Katana, ambaye leo unamwita baba. Pazia lilikuwa la maua ya zambarau. Shemeji mdogo alikuwa akiota ndoto kwa sauti, na sisi tulizijua ndoto zake zote. Mwaka mzima, mwanangu, mimi na mume wangu hatukuwahi kuwa peke yetu muda wa kutosha hata kugombana. Ugomvi wetu tuliufanya kwa macho, tukiwa tunakula, na tulipatana vivyo hivyo kabla sahani hazijaondolewa.

Basi mimi nikaitamani Malindi. Niliiona kwenye kalenda ya dukani: ukuta mweupe, mlango wa buluu, na nyuma yake maji. Utaniuliza, bahari si tunayo hapa? Tunayo. Lakini bahari ya nyumbani imejaa watu wanaokujua. Huwezi kukaa mchangani na mumeo bila mtu kupita na kuuliza, "Mama hajambo? Mbona mko huku?" Nilitaka siku mbili za bahari isiyoniuliza habari za nyumbani.

Nilipanga safari ile kwa miezi mitatu, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jambo moja. Malindi kulikuwa na Shangazi Sidi.

Shangazi Sidi alikuwa dada wa baba yake Katana, baba ambaye mimi sikumkuta hai. Na kwetu unajua: mtu halali nyumba ya wageni katika mji alimo shangazi yake. Ni sawa na kusimama barabarani ukatangaza kwamba kitanda chake kina kunguni. Ukifika Malindi, unafikia kwa Shangazi. Lakini kwa Shangazi kulikuwa na watoto, wajukuu na wapangaji wawili; mimi ningelala na wasichana chumba cha ndani, na Katana angetandikiwa mkeka ukumbini na wanaume. Ningekuwa nimesafiri safari yote ile kwenda kulikosa hata pazia langu.

"Basi tusiende," akasema Katana.

"Tutakwenda," nikasema, "na Shangazi hatajua."

Ndipo nikabuni semina. Nilimwambia mavyaa kwamba tumealikwa semina ya wanandoa Mariakani, Ijumaa mpaka Jumapili. Nilichagua Mariakani kwa kuwa ni mbali na Malindi, upande mwingine kabisa, nikajiona nina akili. Mavyaa alifurahi mpaka nikaona haya. Akatoka, akarudi na daftari jipya la karatasi mia. "Andika yote watakayowafundisha, binti yangu," akaniambia. "Ukirudi utatusomea kina mama wa kanisani."

Asubuhi ya Ijumaa akavaa viatu. Akasema haiwezekani watoto wake waende kwenye jambo jema namna ile bila kusindikizwa, na kwamba kwa vyovyote alitaka kumjulia hali dada yake anayekaa Changamwe. Akatusindikiza hadi Changamwe, pale malori ya mafuta yanapopishana, akatutafutia gari la Mariakani yeye mwenyewe, akamshika makanga mkono. "Hawa ni wanangu," akamwambia. "Nimekukabidhi. Usiwashushe mpaka Mariakani."

Tulipofika Miritini nikasema, "Shusha hapa."

"Mama alisema Mariakani," akajibu makanga.

"Mama hayumo garini," akasema Katana.

"Lakini mimi nimekabidhiwa," akasema yule kijana, na abiria wote wakamuunga mkono. Mzee mmoja akatuambia tusimvunje moyo mama yetu. Ikabidi twende mpaka Mariakani kweli, tushuke, tuwapungie mkono, tungoje watoweke, kisha tupande gari jingine turudi tulikotoka. Jua la saa saba lilitukuta tunapita hapa hapa Kisauni, kituo chetu wenyewe, vichwa vyetu tumevificha katikati ya magoti.

Malindi tukafika. Tukapata chumba ghorofani, katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya barabara ya pwani, na mlango wake, wallahi, ulikuwa wa buluu. Mimi nikataka kwenda majini hata kabla ya kuvua viatu. Katana akakataa. Shangazi anatembea sana, akasema. Ni mchuuzi, ana wateja kila mahali. Jioni ile nzima nikaitazama bahari kupitia dirishani, kipande chenye upana wa kanga kati ya kuta mbili. Mwanaume anayenyanyua mapipa ya mafuta Changamwe alikuwa anachungulia nje kwa jicho moja akimwogopa mwanamke wa miaka sitini. Tukajiliwaza kwa kuandika daftari la mavyaa, maana tungerudi na nini? Nikaandika kwa hati nzuri: Somo la kwanza, mume na mke wasidanganye.

Asubuhi mwenye nyumba, mama mmoja mchangamfu, akatuletea chai na sinia la mahamri na mbaazi za nazi. Katana alikuwa hajala vizuri tangu Mariakani. Alikula kama mtu anayejenga ukuta, moja juu ya jingine. Mimi nilikula mawili, nikamtazama kwa mapenzi. Alipofika la tisa nikamwambia yule mama, "Mpishi wako apewe salamu. Mgeni wake amekula tisa na bado anaulizia." Akashuka ngazi anacheka.

Katana akainua la kumi. Akalinusa. Akalirudisha siniani polepole.

"Nazi," akasema. "Iliki. Na ganda la chungwa."

"Ni matamu," nikasema.

"Hakuna mwingine duniani anayetia ganda la chungwa," akasema mume wangu, na uso ukambadilika rangi. "Haya ni ya Shangazi."

Tukasikia ngazi zinapandwa. Hatua nzito, za mtu asiye na haraka kwa sababu anajua aendako. Katana akaingia chini ya kitanda. Kitanda kilikuwa kifupi, na mume wangu, kama unavyomwona, ni mrefu.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mnene mwenye kikapu mkononi. Akanitambua, maana alikuwa amenifunga kanga kwa mkono wake siku ya harusi.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba, mke wa mwanangu." Akatua kikapu. "Nimeambiwa kuna mtu amekula mahamri yangu tisa kwa kikao kimoja. Watu wanaoweza jambo hilo ninawajua wawili tu, na mmoja nimemzika." Akatazama sakafuni. "Mwambie mwenye miguu hiyo atoke anisalimie."

Katana akatoka na vumbi kwenye nywele. Shangazi akaketi kitini, akauliza hali ya mama, ya kila shemeji, ya kuku. Hakupaza sauti. Akaliona daftari, akalishika mbali na macho yake, akasoma kwa kituo: "Mume na mke wasidanganye." Akafunua ukurasa. "Somo la pili, kuheshimu wazazi wa pande zote." Akalifunga. "Mwalimu wenu ni mzuri. Yuko wapi?"

Nikamweleza yote, mwanangu. Pazia la zambarau, ndoto za shemeji, kalenda, Mariakani. Nilingoja kuambiwa tukusanye nguo tumfuate kwake, na siku zangu mbili ziishie pale. Yeye akafungua pindo la kanga yake, akatoa pesa alizolipwa asubuhi ile, akaziweka mezani bila kuzitazama.

"Mrudishieni mwenye nyumba," akasema. "Nimemuuzia chakula mtoto wa kaka yangu. Tangu nianze kupika sijawahi kufanya hivyo. Sikukasirikia kitanda, Katana. Mngelala juu ya paa kama mngetaka. Nimekasirika kwamba nilipita mlango huu na kikapu sijui kwamba ndani mna damu yangu yenye njaa."

Katana akajifuta uso kwa foronya. Mimi sikuwa na foronya, nikatumia mkono.

"Na mnamficha nani haja ya kuwa wawili?" akaendelea. "Mimi? Mama yako alipoolewa, nani unadhani aliwachukua wakwe na watoto wote wa nyumba ile akawapeleka Kaloleni siku nne kuvuna mahindi? Mahindi yalikuwa bado mabichi. Tulikaa siku nne tunayatazama. Babu yako alinilaumu mpaka kufa kwake, nami sikumwambia sababu." Akanisukumia daftari. "Andika, kwa kuwa umeahidi semina. Andika kwamba mke na mume wanahitaji siku zao, na wakizihitaji wawaombe wakubwa wao kwa kinywa, kwa sababu wakubwa nao waliwahi kuwa wawili. Umeandika? Haya. Leo sitaki kuwaona. Nendeni baharini mchana huu huu, na tukikutana njiani msinisalimie, nimewaruhusu. Kesho baada ya kanisa mtakula kwangu."

Tukaenda baharini, mwanangu. Nilikaa mchangani na mume wangu mpaka ngozi ya pua ikanibabuka, na kwa mara ya kwanza tukagombana kwa sauti, kuhusu nini sikumbuki, na ilikuwa raha tupu. Mara moja Shangazi alipita mbali na kikapu chake. Alijifunika uso kwa kanga, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Tuliporudi hapa, mavyaa alinikalisha nimsomee. Nilisoma mpaka pale penye maneno ya Shangazi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyo mwalimu wenu wa Mariakani," akasema, "anasema kama wifi yangu Sidi."

Nikainamia daftari.

"Mahindi ya Kaloleni ameyataja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku ile, kila baada ya miezi michache, mavyaa wangu alikuwa akikumbuka ghafla kwamba dada yake wa Changamwe anaumwa, naye hawezi kwenda kumtazama bila watoto wote. Dada yake, nijuavyo mimi, alikuwa mzima kama chuma.

Umeona, gazeti linatikisika.

Sasa sikiliza, mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Nendeni mkae wenyewe. Mna haki hiyo, na mimi sijasahau. Lakini safari iliyofichwa huwezi kuifurahia, maana utautumia muda wake kuchungulia dirishani. Na mtu wako akifichwa mahali ulipo, umemwondolea nafasi ya kukulisha, na kuna watu ambao hilo ndilo pendo lote walilo nalo. Ukitaka nafasi, niombe nafasi. Nitanuna kidogo, kwa kuwa mimi ni mavyaa na sababu utakuwa umenipa, kisha nitakupa.

Ukuta umeniambia pia kwamba mnakwenda Malindi. Shangazi Sidi ametutoka, kama ujuavyo, na sasa binti yake Kadzo ndiye anayepika. Nimempigia simu asubuhi. Nimemwambia akisikia kuna mtu amekula tisa, apite kimya, na chakula chenu kiwe cha bure. Jumapili baada ya kanisa mkale kwake.

Mungu awafikishe salama na awarudishe mkiwa mmegombana na kupatana. Awape nyumba yenye kuta nene, na wakwe wa watoto wenu awape masikio mazito. Na siku na wewe utakaposikia zipu upande wa pili wa ukuta, akupe pindo la kanga la kuuma.

Baba Charo, ondoa hilo gazeti, vaa viatu. Tunakwenda Changamwe, kuna mtu anaumwa. Wewe Neema baki umalizie begi lako. Ukisikia nimeufunga mlango nyuma yetu, ivute hiyo zipu kwa mkupuo mmoja, mpaka majirani wasikie.