Kahawa Niliyomwanikia Jirani

Kwa miaka tisa sikutamka jina la jirani yangu. Nikilazimika kumtaja nilisema "yule wa chini", maana nyumba yake iko chini kidogo ya yangu, hapa Kituntu, na vibanja vyetu vya migomba na kahawa vinagusana. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikinuna hata ndizi jikoni haziivi.

Ugomvi ulianza mwaka ambao mume wangu alilazwa hospitali ya Nyakahanga. Nilikaa naye miezi miwili, nikimfulia, nikimpikia, nikimwombea. Tuliporudi nyumbani tulikuta milamula imehama. Milamula ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, na huku kwetu kuing'oa ni kosa zito kuliko kumpiga mtu kofi. Ilikuwa imepandwa upya hatua kumi na mbili ndani ya kibanja chetu, na imeshika kabisa. Mume wangu alikwenda na fimbo yake, akaitazama, akarudi akakaa. Alifariki kabla ya msimu mwingine wa kahawa.

Hatua kumi na mbili za ardhi ningezisamehe, nadhani. Lakini ndani yake alikuwemo binti yetu wa kwanza, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka minne. Tulimzika kibanjani kama tunavyozika watu wetu wote, tukaweka mawe matatu, kwa kuwa saruji hatukuiweza. Nilikwenda baraza la kata. Yule wa chini alileta mashahidi wawili, mimi nikaleta machozi, nikashindwa. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena upande ule. Niliiona migomba yake mipya ikinyanyuka, nikawa nageuza uso.

Sisi sote ni Walutheri, tena wa usharika mmoja. Benchi lake lilikuwa safu mbili mbele yangu. Nimeitazama shingo ya mtu yule miaka tisa, naijua kuliko shingo yangu. Kwenye sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nashikwa na kikohozi. Chakula cha Bwana sikukikaribia. Mchungaji aliniuliza mara moja, nikamwambia tumbo linanisumbua. Tumbo gani hilo la miaka tisa?

Mwaka jana yule wa chini akaanza kukonda. Walisema ni ini. Nilimwona amekaa juani, amejifunika blanketi mchana kweupe, nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliingia jikoni nikaanza kumenya ndizi huku naimba, na katikati ya ubeti nikatambua kwamba ninachoimba ni wimbo wa kanisani, wa kumshukuru Mungu.

Nikakaa kwenye kigoda na kisu mkononi. Niliogopa. Sikuogopa moto wa milele, nilijiogopa mwenyewe. Nikamwambia Mungu kwa Kinyambo, maana mambo ya ndani kabisa Kiswahili changu hakiyafikii, nikasema: mimi mtu huyu siwezi kumpenda, nimejaribu na sijaweza, na kusema kweli hata kujaribu sijajaribu. Ukitaka apendwe, anza wewe, mimi nitafuata nyuma. Haikuwa sala nzuri. Ila niliposimama kifua kilikuwa chepesi, mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu.

Basi nikaamua kwenda kumwona, na hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mtu haendi kupatana mikono mitupu. Unabeba kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, unamkaribisha mliyegombana. Akichukua punje akaitia mdomoni, yamekwisha, hakuna wa kuyafukua tena. Sokoni Kayanga zinauzwa, zimeshakaushwa, ningetuma bodaboda zikaja siku hiyo hiyo. Lakini nilijiambia: nimemchukia kwa mikono yangu, nitapatana naye kwa mikono yangu. Nikachuma kahawa kwenye miti yangu mwenyewe, nikaichemsha na majani ya kunukia kama mama mkwe alivyonifundisha, nikaianika uani.

Jua likiwaka vizuri, siku tano au sita zinatosha. Jua halikuwaka. Mawingu yalikaa upande wa Nyakakika wiki nzima, na mimi kazi yangu ikawa kutoa jamvi na kuingiza jamvi. Siku ya nne mke wa yule wa chini alipita akitoka kisimani.

"Shikamoo, dada."

Miaka yote tisa hakuacha kunisalimia, na miaka yote tisa nilikuwa namwitikia kwa pua. Siku hiyo nikasema marahaba, nikamuuliza hali ya mgonjwa. Alishtuka hadi maji yakamwagika kutoka kwenye ndoo.

"Yupo, dada. Siku hizi anauliza sana habari za watu."

"Mwambie nitakuja Jumapili."

Aliangalia jamvi langu, akaangalia zile punje, nadhani alielewa. Akaniaga, akateremka haraka.

Mumewe alifariki Ijumaa asubuhi. Kahawa ilikuwa bado ina unyevu katikati.

Kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake ni mwendo wa dakika tatu. Ningeweza kwenda nikamshika mkono, ningekaa naye tu, ningemwambia hata nusu ya neno. Nilikaa nyumbani nikigeuza punje juani kwa sababu sikutaka mtu aliyenidhulumu aje aseme kahawa yangu haikukauka. Nililijua hilo siku ile ile, na bado linaniuma.

Nilikwenda msibani. Mjane aliniita ndani, akanivuta pembeni ya wanawake wengine.

"Dada, marehemu aliacha neno. Alisema azikwe kule juu, karibu na milamula. Mimi siwezi kuwaruhusu wachimbe bila wewe. Ukikataa, tutamlaza kwa wazazi wake. Na ukikubali, njoo utuonyeshe mtoto alipo, wasije wakamgusa."

Nilipotoka nje shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa ameshasikia. "Kataa," akaniambia. "Kaburi lake likishakaa pale, pale pamekwenda. Hata wajukuu zako hawatadai." Alisema kweli. Kwetu kaburi lina nguvu kuliko hati. Mpaka leo sijui kwa nini mtu yule alichagua pale. Labda alitaka kunimaliza. Labda mgonjwa anayekaa juani peke yake huwaza mengine. Mke wake naye hajui, nilimuuliza.

Nilitangulia, wanaume wenye majembe wakinifuata. Nikavuka milamula, nikaenda moja kwa moja hadi mahali penyewe, na mahali penyewe hapakuwepo. Migomba husogea. Ile ya zamani hukatwa, machipukizi huota kando, na baada ya miaka tisa hakuna shina linalosimama pale lilipopandwa. Nilipiga magoti nikafukua majani makavu kwa mikono, hapa, kisha pale, kisha nikarudi hapa. Mawe matatu sikuyaona. Mimi mama yake. Nilikuwa nimepadai mahali hapo barazani mbele ya watu, nimemchukia mtu kwa ajili ya mahali hapo hadi amekufa, na sasa sikupajua. Mwinjilisti wa usharika wetu, aliyekuja kuongoza maziko, alivua kofia yake. Wengine waliegemea majembe, wakatazama chini.

Nililia sana, na sikumlilia marehemu, nisiseme uongo. Kisha nikasema moyoni: Bwana, unajua ulipomlaza mtoto wangu. Basi ukijua wewe inatosha. Na kweli ikatosha. Ile amani niliyosikia ikihubiriwa tangu nikiwa mtoto ilinijia pale, nimepiga magoti kwenye migomba ya mtu aliyenidhulumu, mikono imejaa udongo. Haikuondoa uchungu. Ilikaa pamoja nao.

"Chimbeni hapa," nikawaambia. "Taratibu. Mkimkuta, mwacheni, na huyu mmlaze kando yake." Nikamtaja jirani yangu kwa jina lake. Shemeji aliondoka bila kuniaga.

Hawakumkuta. Baada ya maziko nilipanda nyumbani, nikajaza kikapu kahawa ile ile, nikateremka nayo, nikamkaribisha mjane. Alichukua punje moja. Ganda lilikuwa laini bado, likagoma kupasuka, ikabidi alivute kwa kucha.

"Haijakauka, dada," alisema.

"Najua. Nisamehe."

Aliitafuna, akaimeza. Kisha akanyoosha mkono akachukua ya pili, akasema hii ni ya mumewe.