Nimekatazwa Kumsemesha Mwanangu kwa Lugha Yangu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana wakwe zangu wanaufuata ukurasa huu kuliko wanavyofuata mambo yao.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nauza maziwa hapa Garsen. Mimi ni Muorma, mume wangu Mpokomo. Dini yetu ni moja, lugha ndizo mbili. Tuna binti mmoja wa miaka minne ambaye hasemi. Kusikia anasikia. Ukimtuma kikombe analeta, anacheka, anagombana na kuku. Lakini maneno hayatoki, ni milio tu na kuonyesha kwa kidole.

Alipokuwa mdogo mama mkwe aliniambia nisihangaike. "Hata baba yake ilichelewa hivi hivi," alisema, nikatulia. Mwaka huu wimbo umebadilika. Alikuja kututembelea kutoka kijijini, akanisikia nikimwimbia mtoto huku nikimmiminia maziwa, akamwita mwanawe. "Mtoto iko na lugha mbili kwa kichwa moja, itasema namna gani? Hii Kiorma ikome." Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akaitikia ndiyo mama. Tangu siku hiyo nimepigwa marufuku kumsemesha mwanangu kwa lugha yangu.

Jamani, huyo baba alilelewa kwa Kipokomo kitupu na bado alichelewa. Yeye alichanganywa na lugha gani? Nilipouliza hivyo niliambiwa nina mdomo.

Nikampeleka mtoto Malindi kwa mtaalamu anayefundisha watoto kusema. Alimpima, akacheza naye, akaniambia lugha mbili hazimfungi mtoto ulimi, na kwamba watoto wenye shida hii ni wengi, ila wanafichwa ndani. "Msemeshe mchana kutwa kwa lugha inayokutoka vizuri, mama. Taja kila unachoshika, kisha msubiri." Nilipomweleza mume wangu alijibu, "Huyo daktari hamjui mtoto wangu."

Na kweli ni wengi. Tangu nianze kwenda na binti yangu sokoni, wanawake wananunua maziwa halafu hawaondoki. Wanangoja wenzao wapungue, kisha wananong'ona, "Wangu pia." Mmoja Mgiriama, wa kwake anakwama kwenye kila neno. Mwingine Mpokomo kama mume wangu, mtoto wake ni mkubwa kuliko wangu na anaeleweka na mamake tu. Sasa kama ni Kiorma changu kinachofunga ndimi, kiliwafikiaje wote hao? Nachoka mimi! Nimechoka kulaumiwa na watu ambao hawajakaa na huyu mtoto hata siku moja nzima.

Kibaya zaidi, Kipokomo changu ni cha salamu na cha kubishania bei. Kiswahili nacho wamekikataa, eti kitakuwa lugha ya tatu. Nikiishiwa maneno nanyamaza. Nyumba ambamo nilikuwa naongea na kuimba siku nzima, sasa ni kimya. Eti ndiyo dawa ya mtoto asiyesema!

Na bado hawajaridhika. Wiki ijayo mama mkwe anakuja kumchukua, akakae naye kijijini asikie lugha moja tu. Kliniki ya yule mtaalamu wa Malindi hawataki kuisikia. Mume wangu amekubali bila kuniuliza.

Juzi asubuhi nilikuwa nammiminia maziwa, baba yake ameketi karibu anafunga viatu. Mtoto akasimama mbele yangu akiningoja. Nikajua anangoja ule wimbo. Nikanyamaza kwa sababu ya yule mwanamume. Basi mwanangu akaniwekea vidole mdomoni, akajaribu kuufungua.

Baba yake aliona. Alimaliza kufunga viatu akatoka.

Ndugu zangu, nikimgomea mume na mama yake ndoa itaingia doa, nikimtoa mtoto nitampoteza na kusema hatasema. Hasa nyinyi mnaolea watoto kama wangu, nishaurini: huyo bibi akifika mlangoni, nifanye nini?