Haludi Kwenye Boneti

Mwanangu aliyeko Ghuba ametununulia gari jipya mwaka huu, Mwenyezi Mungu amzidishie. Amelinunua kwa ajili ya mamake, ambaye magoti yake yamekataa kukunjika. Tuktuk, hata teksi, humtaka mtu ajikunje kabla ya kuingia, na hilo mke wangu haliwezi tena. Gari hili kiti chake cha mbele kina kimo cha kiti cha kulia chakula. Anaketi upande, mtu anamgeuzia miguu, ameshaingia. Siku niliyokwenda kulitazama nilikipima kiti kwa shubiri, na muuzaji akacheka sana.

Tunakaa Kuze, orofa ya juu, na ngazi zetu ni za kizamani, zimesimama kama ukuta. Mke wangu huteremshwa kwa kiti, tena kwa nadra. Wanaomteremsha ni majirani zetu wawili, mahamali wa Marikiti, ambao hawanyanyui kiti bila ya bismillahi. Wana nafasi baada ya sala ya adhuhuri tu. Wakisharudi sokoni hawaonekani mpaka magharibi, na mke wangu akiwa chini, basi yuko chini.

Siku ninayoikumbuka, dadake mke wangu, aliyekuwa akikaa Kisauni, alibakiwa na siku hiyo moja ya kuwa hapa. Alikuwa mgonjwa, na alfajiri yake bintiye angemchukua kwenda kumuuguza Lamu. Hakuna aliyesema kwamba hatarudi. Lakini mke wangu alikuwa tangu juzi ameshatoa buibui lake, amelitundika mlangoni. Ndugu hao walikuwa hawajaonana tangu magoti yalipokataa.

Nilipanga asubuhi nilipeleke gari likapakwe kinga ya rangi, na adhuhuri niwe nimerudi kumchukua. Hiyo kinga ilikuwa sharti la mwanangu. Gari haliingii vichochoro vya Kuze, hulala nje karibu na bahari. "Baba," aliniambia kwa simu, "chumvi ya hapo haina huruma. Usilitumie kabla halijapakwa." Akatafuta gereji mwenyewe, njia ya kwendea Kibarani, akanihakikishia kuwa ni kazi ya asubuhi moja.

Mwenye gereji alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mpole. Alinipa shikamoo, akaniketisha katika chumba cha vioo chenye baridi ya mashine, akaniwekea mbele vipande vitatu vya bati lililopakwa rangi.

"Mzee wangu, hii ya kwanza ni nta. Unapakiwa leo, unaondoka leo, lakini baada ya miezi michache imekwisha. Hii ya pili ni kauri. Inapakwa kama maji, halafu inakauka inakuwa ngumu kama kigae. Hiyo ni ya miaka. Ya tatu ni ngozi ya plastiki, tunaibandika gari nzima, hata jiwe likirushwa na lori halikwaruzi."

Nikavigusa kimoja kimoja. Kwa kweli vyote viliteleza sawa.

"Kijana wako amechagua kauri," akasema.

"Na hiyo kauri hukauka saa ngapi?"

Akanitazama. "Kupaka ndiyo asubuhi moja, mzee. Lakini gari lazima lilale hapa ndani. Na wiki nzima lisiguswe na maji. Hakukwambia?"

Hakuniambia, kwa kuwa naye hakuuliza. Nikasimama nitafute ufunguo wangu, na kupitia kioo nikaliona gari: taa na vipini vimebandikwa karatasi, vijana wamelizunguka, povu mpaka juu ya paa. Mwenye gereji akaitwa. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa, akarudi kwangu na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi.

"Mzee, hii gari imepakwa nini?"

Basi ikanibidi nimweleze. Kwetu kitu kipya hakianzi kutumiwa kikavu. Bibi arusi hupakwa, mtoto mchanga hupakwa, hata msahafu mpya hufukizwa udi kabla ya kufunguliwa. Jana yake mke wangu alikuwa ameteremsha kichupa cha haludi dirishani, ndani ya kikapu cha kamba, akawaomba majirani wa kike wampakie gari ambalo yeye mwenyewe hajaliona tangu lifike. Haludi ni mafuta ya manukato, mazito, na tone moja hutosha shingo mbili. Wao walikimaliza kichupa. Walipaka boneti, milango, hata kioo cha nyuma, wakapiga vigelegele mpaka wanywa kahawa wa kona ile wakasimama.

"Ni mafuta mazuri, mzee," akasema, "gereji yote inanukia kama harusi. Lakini kauri haishiki penye mafuta. Lazima tuyatoe yote, tusugue upya bodi nzima."

"Nusu mshatoa?"

"Upande wa kushoto."

Nikaketi. Nje malori yalipita moja nyuma ya jingine, vumbi likaja likalala kwenye kioo. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyenizuia, na bado sikuweza kutoka. Bila ya gari ningerudi nyumbani kufanya nini? Nikasali adhuhuri yangu pale pale, baina ya viti na mtungi wa maji, na sikumbuki vyema nilisoma sura gani.

Nilipotoa salamu simu ikalia. Alikuwa mke wangu.

"Maalim, nimeshateremshwa. Nimeketi dakani, hapa mlangoni. Uko wapi?"

"Niko hapa hapa."

"Hapa hapa ndipo nilipo mimi. Wewe uko wapi?"

"Gari linakoshwa."

"Linakoshwa! Kwani ni maiti?"

Akacheka, kisha akakikata kicheko chake. Sote wawili tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja. "Usichelewe," akasema taratibu. "Dada amelala amegeukia mlango."

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia kauri haiwezekani leo, gari limesuguliwa nusu, na mamake anataka kwenda Kisauni.

"Baba, vumilia kidogo. Khaloo atakwenda wapi? Ataendewa wiki ijayo. Ukilitoa sasa hivi limesuguliwa nusu, chumvi italila."

Hapo ndipo nilipoona nilivyofungwa. Kwetu aliye mbali hapelekewi habari ya ugonjwa mpaka ipate mwisho wake, uwe wa kheri au uwe wa msiba. Huambiwa "kidogo hajisikii, mwombee dua," basi. Tunasema tunamhurumia, atafanya nini naye yuko ugenini? Mwanangu, aliyelelewa nusu ya utoto wake mapajani mwa khaloo wake, huyo dada wa mamake, aliambiwa ni mafua. Mimi ndiye niliyemwambia. Alikuwa akinijibu kwa akili nzuri kabisa, kulingana na alichokijua.

Nilitazama lile povu likitiririka kwenye sakafu. Nikasema, "Mwanangu, si mafua. Kesho alfajiri anapelekwa Lamu. Mamako amevaa buibui, ameketi dakani, na mimi sina kingine cha kumpeleka."

Nikamsikia akifunga mlango kule aliko.

"Ni tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Litoe gari, Baba," akasema. "Litoe hivyo hivyo."

Mwenye gereji hakubisha. Yeye na vijana wake walibandua karatasi upesi. Nilipokuwa nikiomba radhi kwa kumpotezea kazi, akasema, "Mzee, ngoja basi nipake nta huu upande mtupu. Isitoke uchi mbele za watu." Akaipaka kwa mikono yake mwenyewe.

Nilifika Kuze watu wakitoka msikitini kwa sala ya alasiri. Mke wangu alikuwa pale pale dakani, na pembeni yake pamejaa: sahani ya viazi vya karai, kikombe cha kahawa, mtoto wa watu amelala juu ya mkoba wake.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Kwanza nilikasirika," akasema. "Kisha wakaanza kupita. Waliozaliwa tangu nifungiwe juu washakuwa warefu, Maalim. Nimeamkiwa mpaka sauti imenikauka."

Watu wanne waliotoka kusali wakakinyanyua kiti, wakampeleka mpaka mwisho wa kichochoro. Alipoliona gari aliinusa hewa, akauliza mbona linanukia upande mmoja. Nikamwambia nitamweleza njiani, tukifika darajani.

Kisauni niliwaacha wenyewe, nikaketi sebuleni. Dadake alikuwa amegeukia mlango kweli. Kisha simu ya mke wangu ikalia, ikawekwa juu ya mto, na nikamsikia mwanangu akisema, "Khaloo, ni mimi," na sauti ya mgonjwa ikimkaripia kwa nini amekonda, ilhali alikuwa akimsikia tu, hamuoni.

Tulipoaga, nilisikia yule mgonjwa, aliyekwisha kuhadithiwa kisa chote, akiuliza, "Hiyo kauri mtapaka lini?"

"Ukirudi," mke wangu akamwambia. "Tutakungojea wewe, uje utie haludi kwanza, tuwaudhi tena wale vijana."

Wakacheka wote wawili. Alfajiri yake alisafirishwa.

Nta ya upande wa kushoto imeshakwisha. Kuna madoadoa chini ya mlango, na kila asubuhi hulifuta gari kwa kitambaa chenye maji matamu, yasiyo na chumvi, nikasema alhamdulillahi, kwa sababu alasiri ile tuliipata. Mwenye gereji alinipigia mara moja kunikumbusha, nikamwambia bado tunamngojea mtu. Mwanangu hanipigii tena kwa habari ya kauri. Siku hizi akipiga, huuliza kwanza nani mgonjwa, nami humwambia.