Sahan ya Ufaransa

Hapa kwetu Iftin, mtaa wa Garissa, watu husafiri, tena husafiri sana. Huenda Makka, huenda Nairobi hospitalini, huenda Mandera kuzika na Banissa kununua ng'ombe. Kila safari ina shughuli yake. Ndiyo maana Salah alipowatangazia wenzake wa chai baada ya Alasiri kwamba yeye na mkewe wangekaa Ufaransa Julai yote na Agosti yote, wakitembea mji hadi mji polepole bila kazi yoyote, mtu wa kwanza kufungua mdomo alimwuliza anaumwa nini. Mume wangu alikuwepo. Alirudi nyumbani akicheka mpaka akashindwa kula.

Salah haumwi kitu. Alikuwa afisa wa chanjo za mifugo, na maisha yake yote ya kazi yalipita ndani ya Land Rover, akikimbizana na ugonjwa ili autangulie kwenye kisima kinachofuata. Ameiona North Eastern yote, lakini ameiona kwa kasi, kupitia kioo chenye vumbi. Alipostaafu alisema sasa anataka kuona mahali akiwa amekaa. Akaibandika ramani ya Ufaransa ukutani sebuleni, na kila jioni akawa anasimama mbele yake na kalamu nyekundu: ziwa la Annecy wiki nzima, kisha milimani, kisha Arles, kisha treni ya taratibu hadi kwenye bahari ya upande wa pili. Alikuwa akiyatamka majina hayo kwa sauti, peke yake, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Mimi ni jirani yao, ukuta wetu ni mmoja, na nashona nguo. Watu wangu ni wa kando ya mto Tana, si Wasomali, lakini nimezaliwa hapa hapa na Kisomali nakisikia chote, hata kile ambacho watu hawataki nikisikie. Nina tabia ya kusema ninachokiona. Imenipunguzia marafiki, ila Khadijo, mke wa Salah, imempendeza, kwa kuwa yeye ana tabia mbaya kuliko yangu.

Khadijo alizaliwa malishoni, upande wa Kutulo, na utotoni mwake alihama mara nyingi kiasi kwamba hajui aseme kwao ni wapi hasa. Alikuwa akisaidia kubomoa kibanda cha mamake alfajiri, kukipakia juu ya ngamia, na kukijenga tena jioni mahali pengine. Aliolewa na Salah akaja Garissa, akafungua kibanda cha kuuza maziwa ya ngamia, akalea watoto, na tangu hapo amekataa kuhama hata chumba cha kulala. Ukimhamishia kiti chake atakirudisha.

Mtoto wao wa mwisho ni Ifrah. Aliolewa na kijana anayeitwa Deeq, wakahamia Lyon, huko huko Ufaransa, naye anafanya kazi ya kutunza wazee. Tangu aondoke hajarudi nyumbani, na ni miaka mingi sasa. Kila mwaka kuna sababu. Mwanzo ilikuwa karatasi za kuishi, kisha kazi, kisha kazi tena. Kwenye simu anacheka na kuuliza habari za kila mtu mpaka za mbuzi, halafu simu inakatika na mama mtu anabaki ameishika. Ukweli ni kwamba Salah alichagua Ufaransa kwa ajili ya binti huyo, ingawa kwa watu alikuwa akisema ni kwa ajili ya milima.

Sasa basi. Ifrah alifurahi sana aliposikia, akamsaidia babake kupanga. Lakini alisema wasipoteze muda Lyon. Mji una joto, jengo lao linakarabatiwa, nyumba ni ndogo. Washuke uwanja wa ndege, yeye atawapokea pale pale, na wapande treni moja kwa moja kwenda ziwani. Salah aliona hilo ni jambo la busara, akaikata Lyon kwa mstari. Khadijo alikuja kwangu mchana huo huo na kitambaa ambacho hakikuhitaji kushonwa, akakaa.

"Walaal," aliniambia, yaani ndugu, "mtoto anapanga safari ya babake na mamake, na nyumba yake haiko ndani. Hiyo umeisikia wapi?"

Nikamwambia labda nyumba ni ndogo kweli. Alinitazama mpaka nikarudi kwenye cherehani yangu.

Hakumwambia Salah kitu. Wala hakukataa safari. Alichofanya ni kusema, siku mumewe alipotaka waweke miadi ya viza, kwamba yeye hahamii mahali ambapo sahan haijakwenda. Kwa wasioijua, sahan ni kazi ya wafugaji wa Kisomali tangu zamani. Kabla familia haijang'oa kibanda, mtu mmoja hutumwa mbele kuangalia malisho na maji, kama kuna kupe, kama kuna ugomvi, kama watu wa huko ni wa kukaa nao. Kwao Khadijo hakuna aliyewahi kuhama kwa kubahatisha. Salah alicheka, akamwonyesha simu: hii hapa Annecy, maji si hayo? Khadijo akasema picha hupigwa na mwenye kuuza mahali. Anataka macho ya mtu wa nyumbani. Na mtu wa nyumbani aliye karibu na huko ni mmoja tu.

Ifrah alilichukua jambo hilo kama mchezo. Mwezi wa nne alianza kuzunguka siku zake za mapumziko, kwa treni na mabasi, mahali hadi mahali kwenye mistari myekundu ya babake. Akawa anatuma sauti kwenye simu, ndefu, zenye kelele za upepo na kengele nyuma yake. Salah alizisikiliza zote akiwa amefumba macho. Khadijo hakusikiliza hata moja. Simu ikianza kuongea, anainuka na kwenda uani, au anaifunika kwa mto. Alisema mtu wa sahan hatoi habari njiani. Anarudi nyumbani, anapewa maziwa, anakula, kisha anasema mbele ya watu, na watu wanamwuliza. Habari isiyotolewa hivyo kwao si habari.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Salah alisema, na ukuta wetu si mnene, kwamba amefanya kazi miaka yote hiyo bila likizo, na mara moja tu maishani ameomba kitu cha kupumzisha roho yake, na mkewe anamletea mambo ya ngamia. Kama hataki kwenda aseme. Khadijo akaenda zake kibandani kwenye maziwa. Miadi ya viza ilikaribia. Salah akaacha kusimama mbele ya ramani.

Nilikasirika kwa niaba yake, nasema wazi. Nikamfuata Khadijo kibandani kwake nikamwambia anamnyima mzee wa watu furaha yake kwa ukaidi tu, na kwamba dunia ya sasa si ya sahan. Alikuwa anasafisha madumu ya maziwa kwa moshi wa kuni, kama wanavyofanya ili maziwa yasiharibike, na hakuacha.

"Mimi Ufaransa sikatai," alisema. "Lakini hii mtoto nikimwambia rudi nyumbani nikuone, anasema kazi. Miaka yote kazi. Sasa nimemwambia leta habari. Hiyo hawezi kukataa. Habari ya sahan lazima analeta na mdomo yake."

Nilibaki nimesimama pale na hasira yangu isiyo na pa kwenda. Nikamwuliza kwa nini hamwelezi Salah. Akasema Salah akijua, atampigia simu binti jioni hiyo hiyo na kumwambia mama anakulilia, na Ifrah atatuma zawadi badala ya kuja.

Ifrah alikuja. Mvua zilikuwa zimeisha na Garissa bado ilikuwa na rangi ya kijani, ile tunayopewa kwa muda mfupi. Alishuka kwenye basi la Nairobi peke yake na begi moja. Alikuwa amekonda, na alicheka kuliko inavyohitajika. Salah alimshika mabega, kisha akaanza kubishana na kondakta kuhusu begi. Deeq hakuja kwa sababu ya kazi, alisema Ifrah. Khadijo alimpa maziwa, akampa chapati laini za anjera na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, akakaa akimwangalia anavyokula.

Kesho yake baada ya Alasiri mkeka ulitandikwa uani. Tulikuwa wachache: wao watatu, mimi na mume wangu, na Warsame, kakake Khadijo, aliyekuja kutoka Kutulo kwa ajili ya hiyo habari. Ifrah alianza akiona haya, kama mtu aliyeambiwa aimbe, kisha maneno yakamchukua. Alitoa habari vizuri ajabu. Maji ya ziwani ni baridi lakini unaona mawe ya chini. Mchana maduka yanafungwa na watu wanakwenda kula na kulala. Khadijo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hao ni watu wenye akili. Nyama ya halali ipo Arles, karibu na kituo cha treni; milimani haipo, inabidi kubeba. Kuna mji mzuri wenye ngazi nyingi, hooyo magoti yako hayatapenda. Na mwezi wa sita wachungaji hupandisha kondoo zao milimani kufuata majani mabichi. Mzee mmoja alimweleza kwamba wengine bado hutembea nazo siku kadhaa, na kabla ya kwenda mtu hupanda kwanza kuangalia kama theluji imeisha.

"Kumbe," alisema Warsame, na akaomba sehemu hiyo irudiwe.

Salah alikuwa anang'aa. Aliingia ndani kuleta ramani, akaitandaza juu ya mkeka, akawa anafuata maneno ya binti yake kwa kidole. Nilifikiri mambo yameisha, tutakunywa chai twende zetu. Ndipo Khadijo alipoinama, akaweka kidole chake juu ya Lyon, pale palipokatwa kwa mstari.

"Na hapa, hooyo?" aliuliza. Mama wa Kisomali humwita mtoto wake hooyo, yaani mama, jina hilo hilo ambalo mtoto humwita yeye. "Hapa ndipo ulipokaa zaidi, na hujapasema."

Ifrah alisema hapo si mahali pa kutembelea. Khadijo hakuondoa kidole. Warsame akasema kwa upole kwamba mtu wa sahan anaweza kuleta habari mbaya na hakuna atakayemlaumu. Kitu kimoja tu hawezi kufanya, ni kusema uongo, kwa kuwa watu na wanyama watamfuata huko alikosema kuna maji.

Ifrah aliinyoosha ramani kwa kiganja. Kisha akaitoa habari ya Lyon, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa ziwa. Deeq aliondoka zamani, wameachana, ana mke mwingine mji mwingine. Nyumba waliyokuwa nayo, Ifrah ameirudisha kwa mwenyewe. Anaishi chumba kimoja, juu kabisa, lifti hakuna. Kazi ya wazee anaifanya zamu za mchana na za usiku. Hakusema kwa sababu harusi yao watu walitoka hata Wajir kuja kuicheza, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. "Malisho ya pale ni haba," alisema. "Sikutaka mfike muone."

Salah alitaka kusimama. Mume wangu alimshika mkono akakaa tena. Mimi nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha. Nilijiandaa kusikia Khadijo akilaani, au akimkumbatia mwanawe, kimojawapo. Hakufanya hata kimoja. Alianza kumwuliza, mmoja mmoja, maswali ambayo mtu wa sahan huulizwa.

Maji yapo? Yapo, hayakatiki. Upepo unaingia? Dirisha ni moja, lakini linaona mto. Mto mkubwa? Kama Tana ikijaa, hooyo, ila rangi yake ni nyingine. Majirani je? Mmoja, bibi wa Kialjeria, anabisha mlango Ijumaa na bakuli la kuskusi, anasema amepika nyingi kwa bahati mbaya. Kila Ijumaa kwa bahati mbaya? Kila Ijumaa. Hapo Ifrah alicheka, na safari hii ilikuwa kicheko chake cha kweli, nilikikumbuka tangu alipokuwa msichana wa kupanda ukuta wetu. Na ukiumwa nani anajua? Ifrah akafikiri, akasema bibi huyo angejua.

Khadijo aliuliza mpaka maswali yakaisha. Kisha akamgeukia mumewe.

"Tunahamia hapo kwanza," alisema.

Salah akasafisha koo. Alisema ni sawa, ni sawa kabisa, lakini chumba ni kimoja na watu ni watatu. Khadijo akamjibu kwamba kibanda cha mamake kilikuwa kidogo kuliko hicho na kililaza watoto saba. Ifrah akauliza, kwa sauti ndogo, watakaa hapo muda gani, maana Annecy imepangiwa wiki nzima na hoteli huenda zikajaa.

"Mpaka majani yaishe," alisema Khadijo. "Hayo mengine yatatungoja, au hayatatungoja."

Salah aliitoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akapiga magoti juu ya mkeka, akaanza kuchora duara kuzunguka Lyon, mara moja, mara mbili, mpaka karatasi ikachanika. Ifrah alijilaza ubavu, kichwa chake kwenye paja la mamake, mbele ya wageni na mchana kweupe, mwanamke mzima, na kabla chai haijamiminwa alikuwa amelala. Khadijo alimfunika uso kwa mtandio wake ili nzi wasimsumbue. Kisha alituangalia sisi tuliobaki, akasema habari imekwisha, twende makwetu.