Dania Iliyoota kwa Mstari

Siku ile naikumbuka kwa moshi wake, maana moshi wa dania iliyokauka haufanani na wa takataka nyingine. Una utamu kidogo, kama jiko la sikukuu. Mwanangu, nisikilize. Ndiyo, nakuita mwanangu, ingawa nina miaka kumi na sita, bado naogopa kiboko cha mwalimu wa hesabu, na ndevu zangu ni tatu, moja ikiwa na mashaka. Aliyeungua haulizwi umri wake kabla ya kuwaonya watu juu ya moto.

Tunakaa Nalufenya, hapa Jinja, mimi na Bibi, mama yake mama. Baba ni dereva wa lori la pamba. Tunamwona kama watu wanavyouona mwezi wa Idi, ghafla, na mara haupo. Mama alifariki kabla sijajua kulitamka neno hilo. Bibi ndiye aliyenilea, na alinilea kwa utani. Aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao.

"Mume wangu, hiyo miguu utainawa lini? Mume gani huyu, mchele hanunui, wali anamaliza!"

Nami humjibu kwamba karibu naoa wa pili, mwenye meno. Basi hucheka mpaka kanga inamdondoka.

Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili, na hapo paliota dania. Fujo tupu. Mche mmoja huku, mwingine katikati ya njia, mwingine umebanwa na jiwe la kufulia. Bibi alichuma majani machache ya mchuzi, mengine akayaacha yarefuke, yatoe vimaua vyeupe, yazae, yakauke yamesimama. Ile miche mikavu aliiita wazee. "Usiwaguse wazee," alisema, "wana kazi yao." Mbegu zilianguka zenyewe, na mvua ikija, dania ikaota bila kuombwa. Mimi sikuuliza kitu. Nilidhani ni uvivu wa mwanamke aliyechoka kuinama.

Mwaka jana Bibi alikwenda Mbale kumzika dada yake. Aliniachia neno moja tu: nifagie ua, bwana afya anakuja Jumamosi kukagua. Nikafagia, wallahi nilifagia. Kisha wakaja wenzangu wawili, nami nikiona watu wawili tayari naona mkutano. Nikang'oa mzee mmoja, nikamfunga kidevuni kwa uzi, nikawa mwalimu mkuu wetu. "Wewe! Simama! Baba yako ni nani, na kwa nini?" Wakaanguka chini kwa kicheko. Mwanangu, kicheko cha wenzako ni pombe. Ukionja unataka kata nyingine. Nikang'oa wa pili awe nywele, wa tatu awe mkia, mpaka hakubaki mzee hata mmoja. Mwisho nikapiga jembe pale mahali, nikaparuza udongo mpaka ukawa laini kama shavu la bwana harusi, nikakusanya vyote pamoja na takataka, nikachoma. Bwana afya alipita, akasema safi sana. Nikajiona mtu.

Bibi alirudi Jumapili na basi la mchana, macho yamevimba kwa msiba. Hakukaa. Alipitiliza nyuma ya jiko, akasimama na mzigo wake bado kichwani.

"Wazee wako wapi?"

"Nimewazika, Bibi," nikasema. "Na mimi huku nilikuwa na mazishi yangu."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Laiti ungekuwa nao, ule wangu ungevunjika siku hiyo.

Bibi alishusha mzigo, akachuchumaa, akagusa majivu kwa vidole viwili.

"Hamisi," alisema. "Mama yako alizitoa mbegu hizi Mbale, kazifunga kwenye pindo la kanga. Akazimwaga hapa kwa mkono wake, wewe ukiwa tumboni. Baada yake sijapanda mimi, wala sijamwacha mtu apande. Nimeziacha zianguke zenyewe, ili mkono wa mwisho kupanda hapa uwe ule wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ukikua. Nilikuona bado unacheka."

Hamisi, aliniita. Sikuwa mume tena. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu; nyumbani kwetu mjukuu ni mimi.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa nimekosa mara moja tu. Lakini nilikwenda kwenye duka la viungo la Mhindi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Dania ya kupika ama ya kupanda, kijana?"

"Ya kupanda, bwana."

"Basi sugua, kila moja ipasuke mbili. Tia majini mpaka kesho. Ikibaki nzima itakuchelewesha."

Nikasugua, nikaloweka. Alasiri moja Bibi alipokwenda kwenye hitima ya jirani, nikapanda, nikafuta nyayo zangu kwa tawi. Mvua ikaja. Baada ya wiki mbili vikachomoza vijani viwili viwili, vyembamba. Nikapiga kelele, "Bibi! Zimerudi! Njoo uone!"

Alikuja mbio, ana kanga moja. Akapiga magoti. Nami nikaona alichokuwa anakiona: mistari minne, imenyooka, nafasi sawasawa, kama tulivyofundishwa kwa kamba katika shamba la shule. Dania iliyoanguka yenyewe haijui kamba. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi tena imepimwa.

"Umezipanda vizuri," alisema. Akaingia ndani. Bora angenichapa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikwenda pale. Hakuitazama mistari yangu. Alitazama kandokando: chini ya jiwe la kufulia, kwenye njia, ukingoni mwa mtaro. Alikuwa anatafuta mche mmoja uliotoka nje ya mstari. Alitafuta mpaka mvua zikaisha. Haukutoka.

Dania yangu ilipoanza kukauka nilitaka kuing'oa kwa aibu.

"Waache," Bibi alisema nyuma yangu.

"Hawa si wa Mama, Bibi."

"Najua. Waache wazeeke. Mwakani hawatakuwa na mstari." Akashika njia ya jikoni. "Na ukanawe miguu, mume wangu."

Nilikwenda kunawa, na nilinawa muda mrefu sana, nimeinama, asinione uso.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikuta kitu kikavu kimeachwa kimesimama uani mwa mtu, usidhani kimesahauliwa. Uliza kwanza ni mkono wa nani. Na ukishaharibu, usipande juu ya kosa lako. Sema, "Nimekosa," ukae na aibu yako, maana mwenye kilio anaujua mstari hata gizani. Mama yangu sina picha yake. Nilikuwa na dania.

Mola akujaalie mvua ya kiasi na ardhi inayokumbuka. Akupe wa kucheka naye. Na siku utakapokosa, kwani utakosa, akubakizie mtu wa kukuambia ukanawe miguu.